Mtoto wa Benchi la Nyuma na Daftari Zetu

Ndugu wanachama, katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za mishahara, za nyongeza zilizochelewa, za nyumba, za likizo na za uhamisho, na hayo yote ni haki yetu kuyasema. Leo twaomba ruhusa ya kusema jambo lisilokuwamo katika madai yetu. Nalo ni habari ya mtoto yule akaaye nyuma kabisa darasani, asiyejua kusoma hali wenzake wamekwisha kujua, na habari ya mwalimu ambaye kazi yake ni kumfikia.

Huenda mwenzetu mmoja akauliza, "Karani ana nini na mambo ya darasani? Si awaachie walimu wenyewe?" Twamjibu kwanza kwa historia. Mwaka 1922, Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha pale Tanga chama cha watumishi wa serikali Waafrika wa Tanganyika, makarani na walimu waliketi katika baraza moja. Waliotutangulia hawakuona kwamba kalamu ya afisi na chaki ya darasa ni kazi za watu wawili wasiojuana, nasi yatupasa kufuata mwendo wao. Pili twamjibu kwa hoja iliyo shina la maneno yetu yote: mwalimu humfikia mtoto dhaifu kwa kujua hasa mahali alipokwama, lakini kazi hiyo haionekani na mkubwa yeyote mpaka sisi tuandikao hesabu tukubali kumhesabu mtoto huyo.

Sisi tuandikao tu wazaliwa wa Busi, wilaya ya Kondoa, katika vilima vya Irangi, nchi ya udongo mwekundu na mashamba ya mahindi, uwele na alizeti. Huko mtoto huamka na Kirangi na kulala na Kirangi. Anapoingia shuleni hukutana na Kiswahili, ambacho tangu mwaka 1967 ndicho lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali. Watu wa mbali hudhani kwamba, kwa kuwa lugha hizi mbili ni ndugu, mtoto Mrangi hana taabu yoyote. Sivyo. Kirangi kina irabu saba, na kitabu cha Kiswahili kina irabu tano. Basi mtoto husikia sauti mbili mahali ambapo mwalimu huandika herufi moja. Tena katika kusema mambo yajayo, Kirangi hutanguliza kitenzi kikuu na kuweka nyuma yake neno la kukisaidia, jambo ambalo Kiswahili hakifanyi. Na upande wa Chemba yuko mtoto Msandawe, ambaye lugha yake si ya Kibantu hata kidogo, nayo ina sauti za ulimi zisizokuwamo kabisa katika Kiswahili. Watoto hawa wakinyamaza darasani, kunyamaza kwao si upumbavu. Wanatafuta neno, na kabla hawajalipata somo limekwisha kupita.

Twayajua haya kwa sababu tuliketi katika benchi hilo. Hata tulipofika darasa la tatu hatukuweza kusoma mstari mmoja. Badala ya kusoma tulikuwa tumejifunza ujanja: kumsikiliza mtoto wa mbele, kuukariri ukurasa wote kwa masikio, kisha kusimama na "kuusoma" huku macho yakitazama picha. Mwalimu mmoja aliugundua ujanja huo akatupiga. Baada ya kupigwa tulikuwa wale wale, ila sasa tulijua kuogopa pia.

Ndipo akaja mwalimu mwingine, ambaye hatumtaji jina kwa kuwa mwenyewe hapendi kutajwa. Siku moja alikigeuza kitabu juu chini, akatupa tusome. Tukasimama tukasoma vizuri sana, bila kosa hata moja. Darasa zima likacheka. Yeye hakucheka wala hakukasirika. Alisema tu, "Masikio yako ni hodari. Basi sasa tuyatafute macho, tuone yamekwama wapi." Maneno hayo hatujayasahau mpaka leo, maana ilikuwa mara ya kwanza kuambiwa shuleni kwamba tuna kitu kilicho hodari.

Twapenda kueleza alilolitenda, kwa sababu watu wengi husifu walimu wema bila kusema wema wao ulifanya kazi gani.

Kwanza, alipima. Baada ya masomo alimwita mtoto mmoja mmoja, akampa herufi, kisha silabi, kisha neno, kisha sentensi, kisha habari fupi. Mahali mtoto aliposhindwa alipaandika katika kijidaftari chake. Kwetu sisi aliona kwamba a, e, i, o, u twazijua, na ba, be, bi pia. Lakini tukifika mba, nga, nya na ng'a twapotea. Miaka mitatu tulikuwa tukiitwa mjinga wa kusoma, kumbe ujinga wetu wote ulikuwa katika silabi chache.

Pili, aliwapanga watoto kwa mahali walipokwama, si kwa umri wala kwa darasa. Nusu saa kila siku, chini ya mti, wa darasa la pili waliketi na wa darasa la nne, na hapakuwa na aibu, maana wote walikuwa wakitafuta kitu kimoja. Alituruhusu kuuliza kwa Kirangi, naye akajibu kwa Kiswahili, akakirudia Kiswahili hicho mpaka tukakishika.

Tatu, alitupa kazi yenye heshima. Alituwekea daftari la shamba la shule, tuandike kila siku nani amekuja na jembe na nani hakuja. Majina ya wenzetu tulikuwa tukiyajua kwa sauti. Sasa ilitubidi kuyajua kwa sura. Katika muhula mmoja majina yale yalitufundisha mba na nga na nya kuliko ukurasa wowote wa kitabu, kwa sababu mwenzetu tuliyekosea jina lake hakutuacha salama. Huenda ukarani wetu ulianzia pale.

Nne, alikwenda nyumbani. Aliona katika mahudhurio kwamba twakosa siku ile ile kila juma. Hakuandika barua ya kumtisha mzazi. Alikuja, akaketi, akanywa uji, akazungumza na baba habari za mvua, na mwishowe akafahamu kwamba siku hiyo ni ya mnada, nasi ndio tupelekao mbuzi. Wakakubaliana kwamba mbuzi waende na kaka, sisi twende shule.

Basi hayo ndiyo yote. Hapana muujiza ndani yake. Mwalimu yule hakuwa na vitabu zaidi ya wengine, wala mshahara wake haukuwa mkubwa zaidi. Alikuwa na kijidaftari, na nia ya kutokubali neno "mjinga" mpaka alipime.

Walimu watasema, na wana haki ya kusema, kwamba madarasa ni makubwa. Ni kweli. Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima, na kuanzia Januari 2016 watoto wengi ambao wangalibaki nyumbani waliletwa shuleni. Lilikuwa jambo jema lililoleta taabu yake. Lakini tufanye hesabu kama makarani. Kumpima mtoto mmoja kusoma huchukua dakika tatu au nne. Mwalimu akipima watoto watano kwa siku, darasa la watoto mia humalizika katika siku ishirini za shule, yaani kama mwezi mmoja. Baada ya hapo hafundishi tena watoto mia wasiojulikana; anafundisha mafungu manne au matano, na kila fungu analijua haja yake. Na wakubwa waliokwisha kujua wanaweza kumsaidia, kama kaka na dada wanavyosaidia nyumbani.

Wengine watatuletea methali, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Methali hii ni ya kweli kwa mtoto mtukutu. Lakini mtoto asiyejua silabi hajafanya utukutu, na fimbo haina herufi ndani yake. Tena na tukumbushane sheria. Kanuni za mwaka 2002 ziliweka kwamba viboko visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mtu aliyemruhusu kwa maandishi, na kila adhabu iandikwe katika daftari maalumu. Hebu tufikiri, wenzetu. Serikali iliona kiboko kinastahili daftari lake. Je, mtoto aliyekwama katika kusoma hastahili daftari lake naye?

Sasa twafika mahali penye uchungu. Katika benchi lile hatukuwa peke yetu. Tulikuwa wawili, na mwenzetu alikuwa hodari wa hesabu za kichwani kutupita. Mwalimu yule alipokuja, mwenzetu alikuwa amekwisha kuhamishiwa kwa mjomba wake kuchunga, akasoma shule nyingine. Alipofika mwaka wa mtihani alikuwa akisoma kwa taabu. Wiki ya mtihani akaambiwa kwa upole abaki nyumbani, asije akaishusha shule. Akabaki. Hakuna aliyempiga wala kumtukana; alifutwa tu, kama jina la mtu aliyehama. Leo ni mtu mzima mwenye biashara yake na watoto wake. Hutujia jioni na simu yake mkononi, tumsomee ujumbe alioletewa. Kuna siku ujumbe ulikuwa wa mkewe. Tulimsomea macho yetu yakitazama chini, naye akasikiliza macho yake yakitazama chini.

Kama jambo hili lingalikuwa la mtu mmoja tungalilisitiri. Lakini limekwisha kuchunguzwa. Mwaka 2013, katika mpango wa Matokeo Makubwa Sasa, serikali ilianza kutangaza nafasi ya kila shule ya msingi kwa matokeo ya mtihani wa mwisho, na shule zikapangwa kwa rangi: kijani, njano na nyekundu. Nia ilikuwa njema, kuwatia watu bidii. Wachunguzi watatu, Jacobus Cilliers, Isaac Mbiti na Andrew Zeitlin, walizitazama hesabu za shule hizo, na mwaka 2021 wakachapisha waliyoyaona. Shule zilizokuwa mkiani katika wilaya zao zilipandisha matokeo kweli. Lakini pia idadi ya watoto waliofika kwenye mtihani ilipungua. Kwa maneno mengine, sehemu ya walimu walifundisha zaidi, na sehemu nyingine ya wepesi ilipatikana kwa kuutua mzigo njiani. Na mzigo huo ulikuwa watoto. Januari 2023 Baraza la Mitihani lilitangaza kuwa limeacha kutaja shule bora na watahiniwa bora katika matokeo. Twaona lilifanya vema, ijapokuwa kuacha kusifu wa kwanza si sawa na kuanza kumtafuta wa mwisho.

Sasa swali letu ni hili: taarifa za matokeo katika afisi zetu ziliandikwa na nani? Si sisi makarani? Tulipewa idadi ya waliofanya mtihani na idadi ya waliofaulu, tukagawanya, tukapata asilimia, tukapiga mhuri. Hatukuulizwa idadi ya walioingia darasa la kwanza, nasi hatukuiuliza. Shule iliyoanza na watoto themanini, ikapeleka arobaini kwenye mtihani na kufaulisha thelathini na sita, kwetu ilikuwa shule ya asilimia tisini. Shule iliyoanza na themanini, ikapeleka sabini na tano na kufaulisha hamsini, kwetu ilikuwa shule ya asilimia sitini na saba. Hapo twawauliza wenzetu: mwalimu aliyefikia watoto hamsini na mwalimu aliyefikia thelathini na sita, nani aliyefanya kazi kubwa? Na nani aliyeandikiwa barua ya kukaripiwa?

Tusidhani kwamba bidii ya namna hii haina mfano mahali pengine. Ndugu Peter Tabichi, bruda wa Kifransisko, alikuwa akifundisha hesabu na sayansi katika shule ya sekondari ya Keriko, Njoro, kaunti ya Nakuru, Kenya, shule ya kutwa yenye kompyuta moja tu na wanafunzi ambao wengi wao walitoka katika nyumba maskini sana. Machi 2019 alipewa huko Dubai tuzo ya mwalimu bora wa dunia, dola milioni moja. Magazeti yalisifu sana kwamba aligawa asilimia 80 ya mshahara wake kwa maskini. Sisi hatutaki mwalimu yeyote alazimishwe kugawa mshahara wake. Mwalimu naye ana watoto. Kilichotugusa ni kingine: yeye na walimu wenzake wanne waliwachukua wanafunzi walio nyuma katika hesabu na sayansi, wakawafundisha mmoja mmoja nje ya saa za darasa na siku za mwisho wa juma, na wakaenda majumbani kuona ni nini kinachowarudisha nyuma. Mwaka 2017 wanafunzi 16 wa shule ile waliendelea na masomo ya juu. Mwaka 2018 walikuwa 26. Twaona njia ni ile ile ya kijidaftari na uji wa nyumbani.

Wala tusidhani kwamba nia peke yake inatosha, wala fedha peke yake. Mwaka 2013 na 2014 shirika la Twaweza lilifanya jaribio lililoitwa KiuFunza katika shule 350 za wilaya 10 za nchi yetu. Shule nyingine zilipewa fedha za matumizi, shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka. Nyingine, walimu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mtoto atakayefaulu somo. Nyingine zilipata vyote viwili. Na nyingine hazikupata kitu, ili zilinganishwe. Baada ya miaka miwili, fedha za matumizi peke yake hazikuongeza ujuzi wa watoto. Palipokuwa na vyote viwili, watoto walijua zaidi kwa wazi. Sisi twasoma hivi: vitabu bila mtu amtazamaye mtoto ni mzigo wa stoo, na mtu amtazamaye mtoto bila vitabu amefungwa mkono mmoja.

Basi yatupasa nini? Twapendekeza mambo matatu, yote ya kazi yetu, wala hayahitaji fungu jipya la fedha.

La kwanza, kila taarifa ya matokeo itokayo katika afisi zetu iwe na safu moja zaidi: idadi ya watoto walioandikishwa darasa la kwanza katika kundi lile, kando ya idadi ya waliofanya mtihani. Hesabu hizo zimo katika masijala. Ni kuzitoa tu. Wanaohama na waandikwe wamehama, na waliokufa waandikwe wamekufa. Watakaobaki bila maelezo ndio tutakaowauliza. Mkuu wa shule akijua kwamba mtoto aliyeachwa nyumbani ataonekana katika karatasi, hatamwacha kwa wepesi. Na mwalimu ambaye amewavuta wa nyuma mpaka mwisho atapata shahidi.

La pili, jalada la mwalimu lisilale mezani kwetu. Tunajua sote jinsi barua ya kupandishwa daraja iwezavyo kukaa miezi chini ya birika la chai. Mwalimu aliyesahauliwa na afisi hana moyo wa kumkumbuka mtoto aliyesahauliwa na darasa. Tukitaka apime watoto watano kila jioni, nasi tupitishe majalada matano kila asubuhi.

La tatu, sisi wenyewe, kila mmoja katika kijiji chake, tumchukue mtoto mmoja jirani tumsikilize akisoma. Tukiona anatazama picha, tukigeuze kitabu.

Wazee wetu wa Kondoa wanakumbuka nchi ilivyokuwa imekatwa na makorongo, udongo ukichukuliwa na kila mvua, watu wakisema nchi imekufa. Mwaka 1973 mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ukaanza, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa katika sehemu zilizoharibika sana. Ilikuwa dawa chungu, na wengi waliinung'unikia. Lakini kwa matuta, kwa miti na kwa kuipumzisha nchi, majani yalirudi mahali ambapo hapana aliyetumaini. Haikuponywa kwa kuitukana. Watu walitazama maji yanaanzia wapi kukata, wakaanzia hapo.

Mtoto wa benchi la nyuma hajafa. Amekwama mahali fulani, na mahali hapo pana jina. Mwalimu na apatafute, nasi tupaandike.

Wenu katika kazi,
KARANI WA BUSI